Mizunguko Kumi na Mmoja

Chungu kiliposhtuka hewani kwenye ndoano ya kreni, chuma kilichoyeyuka kilicheza ndani yake kama maji katika ndoo ya mtu aliyejikwaa, na kilichoruka juu ya ukingo kilimwangukia kibarua Karnail Singh shingoni na mgongoni. Nilikuwa mlangoni pa kibanda cha mizani, hatua arobaini kutoka kwenye shimo la kumiminia, na nilisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kutoka kwa binadamu. Karnail alikimbia. Mtu anayeungua hukimbia hata pale ambapo hana pa kukimbilia. Alifika kwenye lundo la mchanga, akapiga magoti, na hapo ndipo wenzake walipomfikia na magunia yaliyoloweshwa. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amekufa, siku mbili kabla ya sikukuu ya Diwali, katika kiwanda cha Lala Dharampal mjini Mandi Gobindgarh, ambako nilipima vyuma chakavu kwa miaka kumi na tisa.

Daftari la ajali la kiwanda lina mstari mmoja tu juu ya kifo hicho: uzembe wa mwendesha kreni. Mstari huo ni uongo. Naandika habari za Bachittar Singh, fundi umeme, kwa sababu ndiye aliyeukataa uongo huo ilhali ungemfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote, na kwa sababu watu wa namna yake huchomwa motoni wakifa bila mtu kuwaandikia hata ukurasa mmoja.

Alizaliwa nyuma ya duka la kusuka mota, yaani la kuzungushia mota zilizoungua waya mpya, katika mtaa ambao kila mlango ni duka la kusuka mota. Baba yake, Kehar Singh, alikuwa na mikono iliyojua kuhesabu waya bila msaada wa macho, na alikuwa na sheria moja iliyokuwa sheria ya mtaa mzima: idadi ya mizunguko ya waya katika koili haiandikwi popote wala haitamkwi mbele ya mteja. Hiyo ndiyo mali ya nyumba. Baba humnong'oneza mwanawe, na mwana humnong'oneza wake. Bachittar alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, mwenye pampu mmoja alimuuliza kwa upole ni mizunguko mingapi, naye akajibu. Kehar Singh alimpiga kwa nyundo ya mbao sikioni. Sikio la kushoto halikusikia tena, na tangu siku hiyo Bachittar alizungumza huku amegeuza kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza jambo nyuma yako.

Ilikuwapo desturi nyingine mtaani, nayo ilihusu nguvu. Wenye viwanda hawaridhiki kamwe. Mota ikiungua huirudisha na kusema isukwe upya, lakini safari hii ivute zaidi. Fundi hupunguza mizunguko katika kila koili na kutumia waya mnene zaidi, na mota ikiunganishwa moja kwa moja na umeme wa gridi, kweli huvuta kwa fujo. Mtaani waliita hilo kuipa mota hasira. Kisha kibati cha kiwanda kilichoitengeneza husafishwa kwa mafuta ya taa na kurudishwa mahali pake, kikiendelea kutangaza tarakimu za mota ambayo haipo tena. Hakuna aliyeona hilo kuwa udanganyifu. Mimi nasema ni udanganyifu, na nilisema hivyo hata wakati ule, ila nilisema nikiwa nimeketi kwenye mizani yangu, mahali ambapo maneno hayana gharama.

Baba alipokufa, duka lilimwangukia kaka mkubwa, Mehnga Singh. Bachittar akaajiriwa kwa Lala Dharampal kama fundi umeme. Hakuwa mpole. Aliwahi kumvunja taya dereva wa lori aliyekojoa kwenye ukuta wa chumba cha swichi, na mikononi alikuwa na makovu ya moto na ya ngumi kwa idadi karibu sawa. Mota ya winchi inayoinua chungu ilipoungua, yeye mwenyewe aliipeleka dukani kwa kaka yake, na yeye mwenyewe aliisuka. Koili zilikuwa na mizunguko kumi na minne. Aliweka kumi na mmoja. Winchi ikainua chungu kilichojaa kupita kiasi kana kwamba kimejaa pamba, na Lala akamtunukia kilemba cha rangi ya zafarani mbele ya wafanyakazi wote.

Miaka minne baadaye Lala alinunua kiendeshi cha vekta cha kuidhibiti mota hiyo, sanduku la kijivu lenye kioo kidogo cha tarakimu, kwa kuwa mota iliyopewa hasira ilikuwa inavunja meno ya giaboksi. Kiendeshi cha namna hii si swichi. Huugawa umeme wa mota katika sehemu mbili: moja hujenga sumaku ndani ya mota, nyingine husukuma. Lakini hakina macho ya kuiona sumaku hiyo. Huikadiria kwa hesabu, kutokana na vigezo alivyokiingizia fundi. Kikidanganywa juu ya mota, kitajenga sumaku dhaifu huku kikiamini kuwa ni imara, kitaiamuru breki inayoushika mzigo iachie, na mzigo utaanguka.

Kuna njia ya kukiponya uongo huo. Mota hufunguliwa kutoka kwenye giaboksi, huachwa izunguke bila mzigo, na kiendeshi huipima chenyewe na kusahihisha tarakimu zake. Mtu aliyetumwa kukifunga aliomba nusu siku kwa ajili ya kazi hiyo. Lala alimwambia kwamba tanuru halizimwi kwa sababu ya sanduku. Basi yule mtu akanakili tarakimu za kibati, akapima waya mota ikiwa imesimama, akatia sahihi na kuondoka. Bachittar alikuwa amesimama kando yake. Alijua kwamba kibati kile ni cha mota iliyokufa zamani. Alilikuna sikio lake bovu na hakusema neno.

Mwendesha kreni aliitwa Ramsurat Mahto, mtu wa Bihar, mwembamba, aliyekuwa amekaa kwenye kibanda cha kreni kwa miaka minane bila kumwaga hata tone. Wiki ya tatu ya kiendeshi kipya alishuka ngazi na kumwambia msimamizi, Balkar Singh, kwamba mota ikishapata joto chungu hushuka kiganja kizima breki inapoachia, kabla mkono wake haujafanya lolote. Balkar, aliyekuwa mwanamieleka ujanani na ambaye bado alisalimiana na watu kwa kuwakamata shingo, alimwambia apunguze bangi. Ramsurat alirudi mara ya pili na ya tatu. Mara ya tatu alipigwa kofi lililomwangusha kwenye majivu, na akaambiwa kwamba wenye mikono hawalalamikii mashine.

Siku kumi na mbili baadaye Karnail Singh aliungua.

Walimteremsha Ramsurat kutoka kwenye ngazi kwa kumvuta miguu. Kidevu chake kiligonga vidato vinne vya chuma kimoja baada ya kingine. Watu waliokula naye asubuhi walimpiga kwa koleo, kwa viatu, kwa vipande vya nondo, na sikuona hata mmoja aliyeuliza swali. Balkar alimwokoa, kama hilo ni neno la kutumia, kwa kumburuta hadi stoo ya vyuma chakavu na kufunga kufuli. Jioni ile ndugu wa Karnail walikuja na mkubwa wao, Shingara Singh, mkulima mwenye mabega kama nira. Lala aliongea naye langoni kwa sauti ya chini. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alimwambia kwamba polisi wangeleta maswali mengi kiwandani, na kwamba siku ya Vishwakarma, sikukuu ya mafundi inayofuata Diwali, mashine zote zitakuwa kimya na lango litakuwa wazi.

Nataka msomaji aelewe alichokifanya mtu huyu mwenye shanga za sala shingoni. Alimtoa binadamu kama mtu anavyotoa bakuli la sadaka, ili nusu siku aliyoinyima mota isije ikaulizwa na yeyote.

Siku ya Diwali, mchana, Bachittar alipeleka chapati na dengu stoo na kumsukumia Ramsurat kupitia pengo la chini ya mlango. Nilikwenda naye kwa kuwa funguo za ua zilikuwa kwangu. Ramsurat hakuweza kutafuna, akawa anachovya chapati mpaka iwe uji. Alituambia, bila kulalamika, kwamba ana mke na mabinti wawili, na kwamba angetaka mmoja wetu awaandikie barua isiyosema namna alivyokufa.

"Mimi sikugusa kitu, fundi," alisema. "Niliomba kuinua tu. Breki ikaachia, chungu kikaenda."

"Najua."

"Unajuaje? Hukuwepo kule juu."

Bachittar aligeuza kichwa kana kwamba hakusikia, lakini alikuwa ameweka kwenye mlango sikio lake zima. Tulipokuwa tunavuka ua aliniambia kila kitu: kumi na minne, kumi na mmoja, kibati, nusu siku. Nilimuuliza kwa nini amekaa kimya. Alisema kwamba tarakimu ile si yake peke yake, ni ya nyumba yao, na kwamba mtu wa mtaa wao anaweza kuua na akasamehewa, lakini si kuitaja. Nilimwambia kwamba sasa anaua kwa kutoitaja. Alinikamata ukosi, akanigandamiza kwenye ukuta wa mizani hadi miguu yangu ikaacha ardhi, kisha akaniachia na kwenda zake.

Siku ya Vishwakarma hakuna anayegusa kifaa cha kazi. Asubuhi mashine huoshwa, hufungwa uzi mwekundu, hupakwa mtindi na mafuta. Spana, nyundo, mita na bisibisi hupangwa juu ya kitambaa chekundu mbele ya picha ya fundi wa miungu, na hulala hapo hadi kesho yake. Katika mji wetu hata kinyozi hashiki mkasi siku hiyo. Ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo winchi ya Lala Dharampal ilikuwa baridi na tupu, na ndiyo siku pekee ambayo kuifungua mota kulikuwa ni kuwatemea mate watu wote kwa pamoja.

Sala ilikuwa imeisha na halua ilikuwa inagawiwa kwenye majani. Mehnga Singh alikuwapo, amevaa nyeupe, kwa kuwa maduka ya kusuka mota hualikwa viwandani siku hiyo. Bachittar alikwenda kwenye kitambaa, akainama, akachukua spana mbili na mita ya kubania waya. Nakumbuka jani la halua lilivyodondoka mkononi mwa mtu. Balkar alisimama mbele yake na kumwambia arudishe vitu hivyo kabla hajamvunja mkono.

"Mota ya winchi nimeisuka mimi," Bachittar alisema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Ina mizunguko kumi na mmoja. Kibati ni cha kumi na minne. Kiendeshi kimeamini kibati. Ramsurat hana kosa."

Mehnga alimfikia kabla ya Balkar. Alimpiga mdomoni kwa ngumi yenye bangili ya chuma, na nikaona meno mawili yakianguka juu ya kitambaa chekundu, katikati ya bisibisi. Bachittar alianguka kwa goti moja. Kaka yake alimshika ndevu na kumuuliza kama amelewa, kama anataka mtaa mzima ufunge milango, kama anataka baba yao afe mara ya pili.

"Kumi na mmoja, kaka," Bachittar alisema, na damu ikamrukia Mehnga kwenye shati.

Alipigwa tena. Akasema tena. Sijui ingeendelea hadi lini, ila Mehnga alikuwa mtu mzima na mkono wake ulichoka, akabaki amesimama akihema huku ameziba masikio yake kwa viganja. Bachittar aliinuka na kunitazama. "Karani, unajua kusoma," alisema. "Njoo usome mita." Nilipanda naye. Balkar angetuzuia, lakini vibarua wa shimoni, watu sita waliofanya kazi chini ya chungu kile kila siku, walikuwa wamesogea na kusimama mbele ya ngazi. Walikuwa wameanza kuelewa ni nini kinachoning'inia juu ya vichwa vyao.

Kule juu, kwenye daraja la kreni, alifungua boliti nane za kiungo kati ya mota na giaboksi. Damu ya mdomo ilidondokea spana, akawa anaipangusa kwa kilemba. Alinionyesha kwenye kioo cha kiendeshi tarakimu iliyokuwapo: umeme wa mota bila mzigo, ampea ishirini na mbili. Hiyo ndiyo kiendeshi kilikuwa kinaitumia kujenga sumaku. Kisha akakiagiza kiipime mota yenyewe. Mota iliunguruma, ikazunguka taratibu, ikapanda kasi hadi daraja likatetemeka chini ya viatu vyetu, ikatulia hapo kwa dakika kadhaa, ikashuka. Nilikuwa nimeibana mita kwenye waya mmoja. Nilisoma thelathini na tisa. Kioo kiliandika thelathini na tisa.

Aliandika tarakimu zote mbili kwa chaki kwenye boriti. Nilidhani tumemaliza, lakini alirudisha ishirini na mbili kwenye kiendeshi na kuanza kukaza boliti. Nilimuuliza kama amerukwa na akili. Alinijibu kwamba chaki haiwezi kumtoa mtu stoo.

Tulikuwa bado juu lango lilipofunguliwa. Shingara Singh aliingia na watu saba wenye magongo ya hoki. Mlinzi aliwaonyesha stoo kwa kidole. Walimtoa Ramsurat na kumbwaga ukingoni mwa shimo, mahali palepale, na pigo la kwanza lilimvunja mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Nilisikia mlio wake kutoka kule darajani. Lala Dharampal alikuwa amesimama kwenye baraza ya ofisi. Hakugeuka kando.

Bachittar alitupa spana kutoka juu. Iliangukia sakafu ya zege kati ya Shingara na Ramsurat na kuruka kwa kishindo, na watu wote wakatazama juu.

"Shingara Singh," aliita, "unataka kumuua, muue. Lakini ngoja kwanza uone kilichomuua ndugu yako. Kisha umchague mwenyewe wa kumpiga."

Shingara alimwambia ashuke achaguliwe wa kwanza. Bachittar alisema atashuka, bila shaka, lakini kwanza anamwomba Balkar Singh apande. Si Balkar alisema kwamba mwenye mikono halalamikii mashine? Basi akae kitini, ainue bonge la chuma la tani mbili, alisimamishe, aliinue tena. Likikaa, Ramsurat ni muuaji. Vibarua wa shimoni walianza kumtazama Balkar, na mmoja wao, mzee asiye na kope kwa sababu ya miaka ya joto, akamwambia kwa sauti ya adabu, "Panda, pehlwan. Tuonyeshe mikono." Mwanamieleka hawezi kukataa neno kama hilo mbele ya watu. Alipanda.

Kwanza Bachittar aliendesha ndoano juu na chini pamoja na bonge kwa karibu nusu saa, mpaka mota ikawa haishikiki kwa kiganja. Shingara alisubiri akiwa amemkanyaga Ramsurat kifuani. Kisha Balkar akashika wenzo. Aliinua bonge hadi kimo cha watu wawili, akalisimamisha, breki ikafunga. Kila mtu alirudi nyuma. Akasukuma wenzo apandishe. Breki iliachia kwa mlio mkavu, na bonge lilianguka.

Lilianguka karibu nusu ya kimo cha mtu kabla kamba ya chuma haijalikamata, na mshtuko ule ulipiga kreni nzima kama ngoma. Bonge lilibembea, likagonga mfereji wa kumiminia uliokuwa umejengwa kwa matofali ya moto, likaupasua, na vipande vikaruka. Kimoja kilimchana Shingara kwenye paji la uso. Hakukigusa. Alisema, "Tena."

Balkar alijaribu tena, safari hii taratibu, mikono miwili kwenye wenzo kama mtu anayeshika mtoto mchanga. Lilianguka. Alijaribu mara ya tatu, na lilipoanguka alitoa ukelele, akaacha kiti, akateremka ngazi akiwa ameloa jasho na hakumtazama mtu.

Bachittar aliweka thelathini na tisa na vigezo vingine kama kiendeshi kilivyovipima, akahifadhi, akaita jina la Ramsurat. Shingara aliutoa mguu wake. Mtu yule mwembamba alipanda ngazi kwa mkono mmoja, mwingine ukining'inia, na ilimchukua muda mrefu sana, na hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kumzuia. Alikaa kitini mwake. Aliinua bonge, akalisimamisha. Akasukuma wenzo. Breki iliachia kwa mlio uleule mkavu, na bonge likapanda bila kushuka hata upana wa kidole. Alirudia. Alirudia mara kumi, na mara ya kumi mzee asiye na kope alikwenda kusimama chini yake kabisa, mikono mgongoni.

Kisha Bachittar akashuka, kama alivyoahidi.

"Kwa hiyo ni wewe," Shingara alisema.

"Ni mimi niliyepunguza waya nikanyamaza. Na ni yule pale barazani aliyenyima nusu siku. Anza na unayemtaka."

Tuliangalia barazani. Lala alikuwa ameingia ndani na mlango ulikuwa umefungwa. Shingara alianza na aliyekuwapo. Pigo la kwanza Bachittar alilipokea begani. La pili lilimpata kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mkono wa kusuka, na mifupa ilivunjika kwa namna ambayo haikuja kuunga sawasawa. Hakuinua mkono kujikinga. Gongo lilipoinuliwa mara ya tatu, Ramsurat alikuwa ameshateremka, na alikwenda kusimama kati yao, mkono wake uliovunjika ukiyumba. Shingara alimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amekuja kumuua. Gongo lilibaki hewani. Kisha akalitupa shimoni, akakaa juu ya matofali yaliyovunjika, akafunika uso kwa kilemba chake, na wale saba wakabaki wamesimama wasijue pa kuweka magongo yao.

Lala alimfukuza Bachittar kesho yake kwa kosa la kuinajisi siku ya Vishwakarma. Mehnga aliwakusanya wazee wa mtaa, wakaamua kwamba duka lolote litakalompa kazi litakosa waya. Daftari la ajali halikusahihishwa. Nilikwenda kwa mkaguzi wa viwanda mara tatu na nakala ya tarakimu zile. Mara ya tatu aliniuliza kama karani wa mizani siku hizi anafundisha umeme. Nimeyaandika hapa kwa sababu sikupata mahali pengine pa kuyaandika, na ninadai leo, kama nilivyodai kwake, kwamba mota yoyote iliyosukwa upya isirudi kazini bila kibati kipya, na bila kupimwa ikiwa huru, hata kama tanuru litapoa.

Lakini asubuhi ile ya kufukuzwa, kabla ya kutoka langoni, Bachittar aliomba kipande cha bati na herufi za kugongea. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa mbao. Aligonga kwa wa kushoto, mimi nikimshikia bati, na herufi zilikwenda kombo kama za mtu anayejifunza kuandika: mizunguko kumi na mmoja, ampea thelathini na tisa bila mzigo, amesuka Bachittar Singh. Ramsurat alilipeleka juu na kulipigilia kando ya kibati cha zamani.

Lala aliamuru ling'olewe. Ramsurat alijibu kwamba likitoka, naye hatapanda, na vibarua sita wa shimoni wakaweka koleo zao chini. Tanuru lilikuwa tayari limeiva, chuma kinachemka, na dakika zilikuwa zinakwenda. Lala alikaa barazani kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, akaangalia moshi, akapunga mkono kwamba waendelee.

Bachittar aliishi miaka sita zaidi, akirekebisha pasi na feni kwenye kibanda nyuma ya stesheni, kwa mkono uliopinda. Mwaka uliofuata kifo chake nilipokea kwenye mizani mota iliyoungua, imeletwa kuuzwa kama chakavu, na kwenye mgongo wake kulikuwa na muhuri wa duka la Mehnga Singh. Kando ya kibati cha kiwanda palikuwa na kipande cha bati. Halikuwa na jina la mtu. Lilikuwa limegongwa vizuri, kwa mkono wa kulia, idadi ya mizunguko.